Chekechea ya Watoto wa Mayai

Juzi niliacha sufuria ya mchele na maziwa mekoni nikaenda kupokea simu, na niliporudi nyumba nzima ilikuwa inanuka. Ile harufu ya maziwa yaliyoshika chini, yenye iliki kidogo, ilinifanya nikae kwenye stuli nikacheka peke yangu mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia nimekumbuka wakati nilipokuwa naogopa wenzangu watavunjika. Akanitazama, akaenda kufungua dirisha. Basi nawasimulia nyinyi wa rika langu, hasa mliokulia Doha na wazazi waliokwenda huko kutafuta, maana nyinyi mtanielewa bila kuniangalia hivyo.

Tulikaa mtaa wa Najma, chumba kimoja ndani ya nyumba ya zamani iliyogawanywa, jiko likiwa la wapangaji wote, na bakala chini yetu iliyouza kila kitu kuanzia sindano hadi mchele wa gunia. Baba alikuwa dereva wa basi la wafanyakazi. Mama alikuwa mpishi, lakini usidhani mpishi wa kila kitu. Mama alikuwa mpishi wa mayai. Kila asubuhi alisimama nyuma ya meza ndefu ya hoteli moja kubwa, kofia nyeupe kichwani, wageni wamepanga foleni na sahani zao, na yeye anawauliza wanataka vipi: la kukaanga, la kuvuruga, la kuchemsha, lenye vitunguu, lisilo na kiini. Aliweza kuvunja mayai mawili kwa mkono mmoja huku anakusalimia wewe na mtoto wako. Nyumbani nilimwomba arudie mara kwa mara, na niliamini hakuna kazi kubwa zaidi ya hiyo duniani.

Kisha hoteli ikapunguza watu, na Mama akawa mmoja wao. Kukaanza mazungumzo ya chini chini. Wazazi wetu walikuwa na imani ya ajabu kwamba ukinong'ona ndani ya chumba kimoja, mtoto aliye mita mbili kutoka kwako hasikii. Nilisikia yote. Nilisikia kwamba Mama asipopata kazi nyingine, mimi na yeye tutarudi Kenya, Meru, kwa shosho, yaani bibi yangu, na Baba atabaki Doha peke yake, awe anakuja kutuona kila baada ya miaka miwili. Shosho nilimpenda sana. Lakini Baba ndiye aliyenifunga viatu kila asubuhi, na sikuona ni nani huko Meru angejua kwamba kamba ya kushoto lazima ikazwe zaidi ya ile ya kulia. Hiyo miaka miwili sikuijua urefu wake, ila nilijua ni mingi kwa jinsi Mama alivyoitaja.

Kazi ikapatikana. Ilikuwa chekechea ndogo ya mama mmoja kutoka Finland, tuliyemwita Madam Kaarina, mrefu, mkimya, mwenye kutembea kama mtu anayewahi kuzima jiko. Mpishi wake alikuwa ameondoka ghafla na majira ya baridi yalikuwa yanaingia. Alimchukua Mama kwa majaribio hadi siku ya karamu ya majira ya baridi, ambayo wazazi wote hualikwa. Baada ya hapo angeamua kama anampa mkataba au anamshukuru. Mimi niliruhusiwa kwenda naye na kukaa darasani na wengine, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniachia.

Jioni ile Baba alifurahi hata akasahau kuvua viatu. Akamtania Mama. "Haya, Mama Kendi," akasema, "umepata kazi ya kupikia watoto wa mayai."

Nyinyi mnaojua Kiswahili cha Kenya mnajua alimaanisha nini. Mtoto wa mayai ni yule wa kudekezwa, aliyelelewa laini, hajawahi kubeba ndoo wala kula kiporo, akijikwaa kidogo watu watano wanakimbia kumpuliza. Mimi sikujua. Nilisikia watoto, nikasikia mayai, nikaweka pamoja.

Siku ya pili Mama alirudi kutoka kuzungumza na Madam akiwa amekaza uso. Akaketi kitandani bila kuvua jaketi, akasema kwamba katika chekechea ile yai haliingii. Si la kukaanga, si la kuchemsha, si ndani ya keki, si la kupaka juu ya mkate. Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Wakamchukua mpishi wa mayai, akasema, wakamwambia apike kila kitu isipokuwa kile anachokijua. Mama hakucheka. Akaeleza kwamba kuna mtoto mmoja, anaitwa Onni, ambaye akila yai hata punje, koo linavimba na kufunga, na anaweza asipumue. Dawa yake inaning'inia kwenye mfuko mwekundu karibu na mlango wa jiko, na kila mtu mzima pale anajua kuitumia.

Mimi nilikuwa chini nachezea vifuniko vya sufuria, na mambo yote yakanikalia sawa. Wale ni watoto wa mayai. Baba amesema. Sasa mtoto aliyetoka kwenye yai utampaje yai? Si atakuwa anakula ndugu yake? Hata wewe koo lingekufunga. Nilishangaa tu kwamba watu wazima walihitaji kuelezana jambo lililo wazi namna hiyo.

Nilipoingia darasani nilikwenda kuhakikisha, na kila nilichokiona kilithibitisha. Onni mwenyewe alikuwa na nywele nyeupe nyembamba ambazo ukimtazama kwenye jua huzioni, unaona tu kichwa, na kichwa kile, jamani, kilikuwa na umbo. Wakipanda baiskeli za magurudumu matatu walivalishwa kofia ngumu, nikaelewa ni ganda la akiba. Walimu waliwaambia siku nzima polepole, taratibu, angalia usianguke. Mimi nyumbani nikianguka niliulizwa kama sakafu imeumia.

Lakini lililonimaliza ni usingizi wa mchana. Madam Kaarina alikuwa na desturi ya kwao: watoto walilala nje, uani, kwenye hewa ya baridi, kila mmoja amezungushiwa blanketi nzito mpaka shingoni, wamepangwa safu kwenye vitanda vidogo. Halafu yeye au mwalimu mmoja anaketi katikati yao, kimya, bila kuondoka, mpaka wamalize. Likizo iliyopita nilikuwa nimemwona kuku wa shosho akifanya hivyo hivyo wiki tatu nzima. Nililala pale macho wazi chini ya blanketi langu, nikiona aibu kwamba mimi naatamiwa bure, kwa kuwa nilizaliwa hospitali.

Kisha kukanyesha, mvua ile ya Doha ya mara mbili kwa mwaka, na Madam badala ya kuwaingiza watoto ndani kama mtu mwenye akili timamu, akawavalisha makoti na suruali za mvua akawatoa nje wakacheze kwenye madimbwi. Makoti yote yalikuwa ya manjano. Watoto thelathini wa manjano wakirukaruka uani na kulialia kama vifaranga. Baada ya siku hiyo hata mngeniletea daktari aniambie vingine, nisingemsikiliza.

Basi nikaanza kuwatunza. Nilimshika Onni mkono kwenye ngazi. Aliponikumbatia nilikaa bila kupumua nisije nikambana. Na moyoni niliumia, niwaambie kweli niliumia, kwa sababu kila asubuhi ya maisha yangu nilikuwa nimekula yai, na mengine nilikuwa nimeyaomba ya pili. Siku moja kwenye kisanduku cha mchanga nilimwomba Onni msamaha kwa Kiswahili. Alinipa koleo lake.

Wakati mimi nina mzigo huo, Mama alikuwa na wake. Madam alimpa orodha ya vyakula vya kwao vya majira ya baridi, akamwambia apange mlo wa wiki sita. Mama alimuuliza baridi gani. Baridi ya Doha mnaijua: asubuhi unavaa sweta, saa sita unaifunga kiunoni. Madam alitembea na shati la mikono mifupi akisema kwao hiyo ni kiangazi kizuri, huku mimi na Mama tumefunga zipu mpaka kidevuni. Lakini alishikilia kwamba mtoto lazima aonje miezi ya mwaka, na mwezi kama ule una ladha ya mizizi, kabeji, samaki wa kupikwa na maziwa, na uji wa mchele wa kuiva taratibu.

Mama alinunua daftari akaandika kila chakula na mahali yai lilipokuwa limejificha. Likawa liko kila mahali. Lilikuwa ndani ya nyama za mviringo likizishikanisha. Lilikuwa kwenye ule mzizi mgumu wa manjano unaopondwa na kuokwa. Lilikuwa limepakwa juu ya vitafunio vitamu vya umbo la nyota ili ving'ae. Lilikuwa kwenye chapati nene ya oveni inayofuata supu ya minji kavu, zile njegere, na supu hiyo, kwa sababu ambayo Madam hakuweza kuieleza isipokuwa kwamba babu zake walifanya hivyo, lazima iliwe Alhamisi. Mama akasema hilo yai lilikuwa linafanya kazi za watu wanne, na sasa limeachishwa na hakuna aliyeajiriwa.

Aliyemsaidia ni Bi Zuwena wa chumba cha pili, mama wa Kizanzibari aliyepika kwenye nyumba ya Waarabu. Bi Zuwena alikuwa na Kiswahili ambacho kilimfanya Mama ajisikie yuko kwenye mtihani, na hakuacha kumwambia kwamba Kiswahili cha Bara kimepikwa bila chumvi. Lakini mkono wake kwenye jiko haukuwa na ubahili. Alimwonyesha Mama kuloweka mkate mkavu kwenye maziwa, ushikanishe nyama. Alimwambia aponde ndizi mbivu kwenye ile chapati ya oveni. Kwa vile vitafunio vya nyota alimletea chupa ya dibs, ile asali nzito ya tende, akaichanganya na maziwa kidogo akapaka kwa kidole, na vilipotoka kwenye oveni viling'aa mpaka Mama akaviinamia kama anajitazama.

Sisi nyumbani ndio tuliofanyiwa majaribio. Wiki kadhaa Baba alirudi kutoka kwenye basi akitaka ugali na akakuta supu ya samaki na maziwa. Samaki, na maziwa, kwenye sufuria moja. Baba ni mtu wa Meru, mbali na bahari. Alikula kwa upendo, niseme hivyo, akiangalia ukutani. Tena Mama alikuwa amepiga marufuku mayai hata nyumbani, asije akayabeba kwenye nguo akampelekea Onni, kwa hivyo Baba hakuwa na pa kukimbilia. Siku moja nilikuta ganda la yai la kuchemsha kwenye mfuko wa shati lake la kazi. Sikumsemea. Nilimtazama tu chakula chote cha jioni, na yeye hakujua kwa nini.

Kigumu kuliko vyote kilikuwa kile cha karamu yenyewe. Ni vikate vidogo vya unga mweusi, vina uji wa mchele katikati, kingo zimefinywafinywa kuzunguka lakini juu hakujafunikwa. Mimi niliviita sambusa zilizokatizwa. Watu wa Finland hawavili hivi hivi. Juu yake huweka siagi iliyopondwa na yai la kuchemsha, na Madam alisema bila ile rangi ya manjano juu wazazi wa kwao watahisi wamenyimwa kitu. Alitaka Mama atafute njia. Hakusema kwamba mkataba unategemea hicho, lakini Mama aliporudi na kumsimulia Baba, alisimulia hivyo.

Bi Zuwena akasema jambo dogo sana hilo, atumie dengu. Achemshe mpaka zilainike, amenye maganda, aponde na siagi, chumvi na bizari ya manjano kidogo. Mama akashuka bakala akanunua ndengu. Nyinyi wa Kenya mmeshaona kilichotokea. Bi Zuwena alisema dengu, zile nono za rangi ya mtama ambazo Waarabu hupondea hamusi; Mama alisikia ndengu, zile za kijani tunazokula na chapati, ambazo Bi Zuwena anaziita choroko. Vikate vikatoka na kitu cha kijani juu yake, na manjano yalipochanganyika na ule ukijani ikawa rangi ambayo sina jina lake. Bi Zuwena alikuja kuonja, akasimama mlangoni, akauliza kwa upole ni nani mgonjwa. Mama akalia kidogo kisha akacheka, halafu akalia tena. Jaribio lililofuata alilifanya kule kule chekecheani, na mimi sikuliona. Hilo ndilo lililotuponza.

Karamu ilikuwa Alhamisi mchana. Meza ziliwekwa uani, wazazi wakaja na nguo zao za ofisini, akina baba wakajikunja kwenye viti vya watoto. Supu ya minji ilipita salama. Kabeji ya kuokwa na wali ilipita, na mtoto mmoja akaomba ya pili, jambo ambalo walimu walilitangaza. Mama alisimama kwenye mlango wa jiko na kofia yake nyeupe ya hoteli, amejifuta mikono mara mia, anatabasamu kwa tahadhari.

Kisha trei za vikate zikaja, na nikaona juu yake yai.

Lilikuwa yai kabisa. La manjano, la kupondwa, linang'aa kwa siagi, kama lile nililokula maisha yangu yote. Nikamtazama Mama. Nikakumbuka mkono wake unaovunja mawili kwa mpigo huku yeye anaangalia kwingine, nikaelewa kwamba mkono umejisahau. Na Onni alikuwa kando yangu, ameshachukua chake.

Nikisema, Mama anakosa kazi na mimi nalala Meru bila Baba. Nisiposema, Onni anakula ndugu yake na koo linafunga. Nilikuwa na miaka mitano na sikuwa na mtu wa kumuuliza. Nikafanya lililo karibu: nikamnyang'anya kile kikate nikakitia mdomoni chote. Onni akachukua kingine. Nikala na hicho. Akachukua cha tatu, ameanza kunishangaa, na mimi mashavu yamejaa unga mweusi na uji wa mchele, siwezi kumeza wala kutema. Akakipeleka mdomoni. Nikampiga mkono kikaruka mpaka kwenye sketi ya mama yake, na nikapiga kelele kwa Kiingereza changu cha wakati ule, punje zikinitoka mdomoni, kwamba asile, kuna yai, huyo ni ndugu yake.

Neno walilolisikia ni yai. Mama yake Onni alimnyanyua akamfungua mdomo kwa kidole. Madam Kaarina alishafika kwenye mfuko mwekundu kabla sijamaliza kukohoa. Wazazi wengine waliwapokonya watoto wao vikate, na uani kukawa kimya isipokuwa Onni, aliyelia kwa sababu amekosa chakula mara tatu. Mama hakusogea. Nilimwona akinitazama, na sijawahi kuonewa huruma na kukasirikiwa kwa pamoja kiasi kile tena.

Halafu akaingia jikoni, akatoka na bakuli la dengu zilizobaki, nzima, na sahani ya maganda aliyoyamenya moja moja tangu alfajiri. Akaviweka mbele ya Madam. Madam akaponda dengu moja kwa kidole, akaonja, akaonja ile ya juu ya kikate. Akampa mama yake Onni, ambaye alionja, akafikiri, akachukua kikate kizima. Watu wakaanza kupumua.

Ingeishia hapo ingekuwa heri. Lakini Madam alikuwa mtu wa kumaliza jambo. Akachuchumaa mbele yangu akaniuliza kwa nini nimesema ndugu. Nikamwambia kwa sababu hawa wote ni hivyo, Baba alisema. Wote ni nini? Kiingereza chake sikuwa nacho, nikamwambia kwa Kiswahili, wazi wazi, mbele ya wazazi wote: watoto wa mayai. Madam akatoa kalamu akaliandika kwenye karatasi ya orodha ya vyakula. Kisha akamgeukia Mama akamuuliza maana yake.

Nimekuwa mtu mzima, nimewahi kubanwa kazini, lakini sijawahi kubanwa namna ile. Mama alikuwa amesimama katikati ya watu thelathini waliolipa karo, akitakiwa atafsiri kwamba mume wake huwaita watoto wao wenye madeko. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Kwetu," akasema kwa Kiingereza, polepole, "mtoto wa mayai ni mtoto unayemshika kwa mikono miwili, ili asivunjike."

Mama mmoja akatafuta leso. Baba mmoja akamkumbatia mwanawe mpaka mtoto akalalamika. Madam akaandika, akatikisa kichwa kukubali, na Mama akarudi jikoni akaketi juu ya gunia la viazi. Mimi nilifurahi kwamba hatimaye jambo limesemwa hadharani.

Saa nane Baba akaja kutuchukua. Alikuwa na sare yake ya udereva, amepiga pasi, amekuja kubeba sufuria tulizoazima. Madam akamkuta getini ameshazibeba, na kwa kuwa alipenda kuhakikisha mambo kwa watu wawili, akamwonyesha ile karatasi akamuuliza: hili neno, watoto wa mayai, ni nini? Baba alipenda sana kuulizwa mambo. Akaweka sufuria chini. Akaeleza kwa mifano. Ni yule anayebebewa begi, akasema, anayepimiwa maji ya kuoga, hajui kuosha hata kijiko, ukimwambia aoshe sahani yake anadhani umemtukana. Nyuma ya Madam, Mama alikuwa anatikisa kichwa na kumkodolea macho, na Baba akadhani anamhimiza. Akaongeza mifano miwili mizuri zaidi. Madam aliandika yote upande wa pili wa karatasi, akashukuru, akaingia ndani.

Mama hakumsemesha Baba njia nzima mpaka Najma. Ijumaa, ambayo Doha ndiyo siku ya mapumziko na ya ibada hata kwa Wakristo, tulikwenda Mesaimeer kanisani, na Mama aliomba muda mrefu, Baba akaomba muda mrefu zaidi, na walirudi wameketi viti tofauti. Jumamosi Baba alinikalisha kitandani akanifundisha kufunga kamba za viatu. Hakusema ni kwa nini. Alifunga na kufungua, akanishika vidole, akaniambia hii inapita chini, hii inazunguka, na niliposhindwa hakukasirika, na niliposhinda akageuka akaangalia dirishani. Ndipo nilipoelewa kwamba tunaondoka, na nikaharibu fundo makusudi.

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya kazi huko, Madam alimwita Mama ofisini, nami nikiwa nimeshikilia aproni. Ile karatasi ilikuwa mezani. Akasoma upande wa kwanza, akaigeuza akasoma upande wa pili, kisha akauliza ni upi wa kweli.

Mama akaigeuza karatasi, akairudisha.

"Pande zote mbili, Madam," akasema.

Madam Kaarina aliitazama karatasi tena. Hakucheka, wao hawachekicheki, lakini masikio yalimgeuka mekundu. Akasema mpishi anayejua kwamba watoto hawa wamedekezwa, na bado akawamenyea dengu moja moja, ndiye anayemtaka, hatafuti mwingine. Akatoa mkataba kwenye droo akausaini, akampa Mama kalamu. Mama akasaini mahali pasipo pake, wakalazimika kuchapisha upya. Kisha Madam akasimama, akasema mume wa Mama ana hoja, na kwamba kuanzia siku hiyo kila mtoto ataosha sahani yake mwenyewe.

Baada ya chakula cha mchana beseni kubwa likawekwa uani, juu ya stuli fupi, na mwalimu akamimina maji kutoka kwenye birika, mvuke ukapanda. Watoto wakapanga foleni, mikono ya nguo imekunjwa, wa kwanza Onni. Mama alikuwa mlangoni akilia na kucheka na mkataba wake ndani ya aproni, kwa hivyo hakuna aliyekuwa ananiangalia. Na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba si watoto wa mayai. Mama mwenyewe alikuwa amewathibitishia wazazi wao. Maji ya moto na yai, mtoto wa mpishi wa mayai hahitaji kuelezwa. Nikaipita foleni yote, nikamsogeza Onni kwa mikono miwili, nikatumbukiza mkono wangu mpaka kiwiko. Yalikuwa vuguvugu tu. Nikamwambia anaweza kuosha.